Mlango wa pili wa virusi vya Ukimwi

MSOMAJI, ukijikata kidole ukimenya viazi jikoni, baada ya saa chache utaona pale pamevimba, pamekuwa pekundu na panapwita. Usidhani mwili umeshindwa. La hasha! Hapo unawaita askari wake. Jeraha hutoa kemikali ziitwazo kemokini, nazo chembechembe nyeupe za damu huzifuata hadi penye hatari, kama vile nzi wafuatavyo harufu ya samaki.

Chembechembe hizo hujuaje kwamba zinaitwa? Kwenye ukuta wake wa nje kuna protini zinazofanya kazi ya masikio. Mojawapo huitwa CCR5. Protini hii ni kama uzi uliopenya ukuta wa chembechembe mara saba, kichwa kikiwa nje na mkia ndani. Kemokini ikiigusa kwa nje, habari hufika ndani na askari huanza safari.

Pengine tungewaachia maprofesa mambo ya CCR5 kama si Ukimwi. Tangu miaka ya 80 ilijulikana kwamba virusi vya ugonjwa huu hushika protini nyingine iitwayo CD4. Hata hivyo, CD4 pekee haikutosha kuvifungulia njia, na wataalamu walikuna vichwa kwa zaidi ya miaka kumi. Mwishoni mwa 1995, kundi la Robert Gallo huko Marekani lilitangaza kwamba kemokini tatu huzuia virusi hivyo. Mwaka uliofuata, maabara kadhaa zikaonyesha sababu: CCR5 ndiyo mlango wa pili. Kemokini ikiukalia, virusi hukosa pa kupita.

Mwaka huo huo wa 1996, iligunduliwa kwamba wapo watu wanaozaliwa bila mlango huo. Jeni yao ya CCR5 imepoteza herufi 32. Aliyerithi kasoro hiyo kwa baba na kwa mama pia huambukizwa kwa nadra sana. Kati ya watu wenye asili ya Ulaya, ni takriban mmoja kwa kila 100. Sisi Waafrika karibu hatuna kabisa, kwa hivyo usije ukamsikiliza rafiki anayejigamba baa kwamba damu yake "haishiki".

Huenda utauliza, na wale wanawake wa Majengo, Nairobi? Utafiti ulioanza Pumwani miaka ya 80, ukiendeshwa na Chuo Kikuu cha Nairobi na kile cha Manitoba cha Kanada, uliwapata wanawake wachache waliofanya biashara ya ngono kwa miaka mingi bila kuambukizwa. CCR5 yao ilipochunguzwa, ilikuwa nzima. Kinga yao ilitoka kwingine.

Kasoro hiyo ndiyo iliyomponya Timothy Ray Brown, Mmarekani aliyekuwa na virusi pamoja na saratani ya damu. Mwaka wa 2007, mjini Berlin, daktari wake Gero Hütter alimchagulia uboho wa mtu asiye na CCR5. Virusi havikurudi tena hadi alipofariki 2020, na kilichomuua ni ile saratani. Lakini tiba hiyo ni ya hatari kubwa, na haifai kwa mtu ambaye dawa za kawaida zinamtosha. Mwaka huo wa 2007 Marekani pia iliidhinisha maraviroki, dawa ya kuziba mlango huu. Nayo haimfai kila mgonjwa, kwa maana baadhi ya virusi hutumia mlango mwingine uitwao CXCR4.

Mbona basi tusiing'oe CCR5 kwa kila mtoto? Mwanasayansi mmoja wa China, He Jiankui, alijaribu kuibadilisha kwa watoto pacha mnamo 2018, akafungwa jela. Isitoshe, watu wasio na CCR5 huugua vibaya zaidi wakipatwa na virusi vya West Nile, ambavyo vilitambuliwa mara ya kwanza nchini Uganda mwaka wa 1937. Sikio hilo lina kazi yake.

Jambo linalokuhusu wewe ni hili. Kisonono, kaswende na vidonda vya sehemu za siri huleta uvimbe, na uvimbe huita chembechembe zenye CD4 na CCR5 papo hapo. Ni sawa na kuvifungulia virusi milango mingi kwa wakati mmoja. Kwa hivyo ukiona usaha au kidonda, au ukisikia uchungu wakati wa kukojoa, usinunue vidonge viwili vitatu dukani ukanyamaza. Nenda zahanati pamoja na mwenzako, mtibiwe nyote wawili na mmalize dawa. Na kama kondomu imepasuka usiku, usingoje Jumatatu: dawa za dharura za kuzuia maambukizi hutakiwa zianzwe kabla ya saa 72 kwisha, na mapema zaidi ndivyo bora.