Albamu nilizowachagulia wanafunzi wangu, na safari yetu hadi Kapkatet

Kila muhula wa mwisho unapokaribia kufungwa, wanafunzi wa chama cha muziki katika shule ninayofundisha hunijia na swali lile lile: "Mwalimu, mwaka huu umesikiliza nini?" Nami, kwa kuwa sina jibu la haraka, huwaahidi orodha. Mwaka uliopita niliamua kuitimiza ahadi hiyo kwa uaminifu. Niliwaambia tutasikiliza albamu ambazo hazikutoka katika makampuni makubwa, zile ambazo vijana huziita "indi". Kazi zinazotolewa na wasanii wenyewe, au na studio ndogo zinazopenda muziki kuliko faida. Walishangilia. Nadhani walidhani nitawaletea magitaa ya Uingereza na vijana wa Marekani wenye nywele zilizotimka.

Badala yake niliwaanzishia na Kapkatet.

Wasomaji wa maeneo haya wanaifahamu Kapkatet. Ukitoka mjini Kericho ukapita Litein, ukiwa njiani kuelekea Sotik, utakiona kituo hicho kimezungukwa na mashamba ya chai. Mwaka wa 1950 alifika hapo Mwingereza mmoja aitwaye Hugh Tracey, aliyeishi kusini mwa Afrika na kuyatoa maisha yake kwa kazi ya kurekodi muziki wa bara hili. Alikuja na mitambo mizito, akawarekodi Wakipsigis wakiimba kwa kibugandet, kile kinanda chetu cha nyuzi. Miongoni mwa nyimbo alizonasa mlikuwamo tatu zenye jina moja, Chemirocha. Ya tatu, iliyoimbwa na Chemutoi Ketienya pamoja na wasichana wenzake, ndiyo iliyokuja kutia fora duniani.

Jina hilo si la Kikipsigis kwa asili. Ni la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Mississippi nchini Marekani aliyefariki mwaka wa 1933, ambaye santuri zake zilifika huku na gramafoni za Wazungu. Masikio yetu yakalipokea jina, ulimi ukalisuka upya. Tracey aliandika kwamba wasichana wale walimfikiria Chemirocha kuwa kiumbe nusu mtu nusu paa, na kwamba walimwalika acheze kwa nguvu mpaka kaptura imvuke. Tangu hapo kila anayeuandika wimbo huo ughaibuni huanza na huyo nusu paa. Mimi nina shaka yangu. Nimekulia miongoni mwa wasichana wa Kikipsigis, na nikisikia wanamwambia mgeni avuliwe kaptura na ngoma, ninachosikia ni mzaha. Wasichana wanamcheka mtu, naye mgeni anayerekodi anadhani anashuhudia ibada. Lakini hayo tuyaache. Wanafunzi wangu walibishana juu yake kwa kipindi kizima, na ubishi wao ulikuwa na akili kuliko wangu.

Lililonikera mimi ni jambo jingine. Nilipowauliza ni nani kati yao aliyewahi kuusikia wimbo huo, darasa zima lilitoa mikono miwili. Mikono miwili, katika shule ambayo mtu akipanda pikipiki atafika Kapkatet kabla jasho halijamtoka! Wimbo huo umo katika mfululizo wa Tracey uitwao Sound of Africa, wenye santuri zaidi ya 200, na umehifadhiwa katika maktaba aliyoianzisha mwaka wa 1954, ambayo sasa iko Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Wapenzi wa muziki wa mbali wameushika kwa moyo. Sisi tuliouzaa ndio tunaousikia kama wageni.

Ni haki niseme kwamba kuna waliojaribu kulirekebisha hilo. Mwaka wa 2014 maktaba hiyo, chini ya mkurugenzi wake wa wakati ule, Diane Thram, ilishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi, studio ya Tabu Osusa, wakazileta nakala za rekodi zile hapa nyumbani. Walimkuta hata mzee mmoja aliyekuwapo miongoni mwa walioimba mwaka ule wa 1950, akiwa hai. Hebu fikiri, mpenzi msomaji: mtu anakaa zaidi ya miaka 60, kisha analetewa sauti yake ya ujana mlangoni! Ilikuwa kazi ya heshima. Hata hivyo, kurudishwa ni jambo moja na kusikika ni jambo jingine, na hilo la pili si kazi ya Ketebul wala ya Afrika Kusini. Ni kazi ya walimu kama mimi, ambao tumekuwa tukiwaandaa watoto kwa Tamasha la Muziki kila mwaka bila kuwaambia kwamba jirani yao aliwahi kuimba wimbo uliozunguka dunia.

Kwa hiyo hiyo ndiyo niliyoiweka ya kwanza katika orodha: rekodi za Tracey za Kipsigis za mwaka wa 1950. Mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Tatu alinipinga papo hapo. "Lakini Mwalimu, hiyo si albamu ya mwaka huu." Nikamuuliza ni lini aliisikia. "Leo." Basi, nikamwambia, kwako ni ya mwaka huu. Hakuridhika, na pengine alikuwa na haki.

Ya pili ilinirudisha nyumbani kwa baba. Watu wengi wa rika la wanafunzi wangu hawajui kwamba mji wa Kericho, kabla ya kujulikana kwa wakimbiaji na kwa migogoro ya mashine za kuchuma chai, ulikuwa na kampuni yake ya santuri. A.P. Chandarana na wanawe walikuwa wafanyabiashara wa Kihindi waliokuwa wakirekodi na kuuza muziki wa magharibi mwa Kenya: benga ya Waluo, nyimbo za Wakisii, za Waluhya na za Wakalenjin. Wakubwa wa muziki walikuwa Nairobi. Chandarana alikuwa hapa, katikati ya majani. Kama hiyo si kujitegemea, basi neno hilo sijui maana yake. Baba akipokea malipo ya mwisho wa mwaka ya chai, alilipa karo, akanunua mabati au mbuzi, na kilichobaki kikaenda kwenye santuri moja au mbili. Sauti niliyoisikia mara nyingi zaidi nyumbani kwetu ilikuwa ya Kipchamba arap Tapotuk na bendi yake ya Koilong'et. Kipchamba alifariki mwaka wa 2007, na mpaka leo sijamsikia mtu aliyelipigisha gitaa Kikipsigis kama yeye. Gitaa lake linaingia kama mtu anayebisha hodi huku ameshafungua mlango.

Santuri za baba zilivunjika karibu zote. Anayetaka kuingia katika ulimwengu ule leo nampendekezea mambo mawili. La kwanza ni kazi ya Ketebul ya mwaka wa 2008, Retracing the Benga Rhythm, ambayo ni kitabu, sahani ya nyimbo na filamu kwa pamoja. Walimu wa historia na wa muziki wangefanya vyema kuitafuta, kwa kuwa nyimbo zake zimefungamanishwa na maelezo: nani alipiga, wapi, na kwa nini. La pili ni Kenya Special, mkusanyiko uliotolewa na Soundway ya Uingereza mwaka wa 2013, wa nyimbo za Kenya za miaka ya 1970 na 1980 ambazo nyingi zilikuwa zimesahauliwa hata na waliozicheza. Hiyo ya pili ni ya kuchezea dansi. Msiiweke siku ya mtihani.

Kisha nikawatoa nje ya kijiji.

Yuko kijana wa Nairobi ajiitaye KMRU. Jina lake ni Joseph Kamaru, na wazee watashtuka kulisoma, kwa kuwa ndilo jina la babu yake, yule gwiji wa muziki wa Kikikuyu aliyefariki Oktoba 2018. Mjukuu haimbi. Anakusanya sauti za dunia, upepo, mitambo, watu wakiongea kwa mbali, akazitandaza polepole kama ukungu unavyotanda juu ya chai alfajiri. Albamu yake Peel ya mwaka wa 2020 ilitolewa na Editions Mego, studio ndogo ya Ulaya yenye sifa kubwa kwa muziki wa namna hiyo. Niliipiga darasani. Dakika tano zikapita. Msichana mmoja akainua mkono kwa adabu: "Mwalimu, wimbo utaanza lini?"

Tulicheka wote, nami nikakubali kwamba si muziki wa kila mtu. Lakini nilikuwa nimewawekea albamu yake nyingine, Temporary Stored ya mwaka wa 2022. Hiyo ameitengeneza kutokana na rekodi zilizokaa katika jumba la makumbusho la Tervuren nchini Ubelgiji, sauti za Waafrika zilizochukuliwa zama za ukoloni na kufungiwa huko. KMRU amezichukua akaziyeyusha ndani ya muziki wake. Unasikia kitu kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mto uliofurika, humwoni wala humsikii sawasawa. Sikuwaeleza chochote kabla ya kuipiga. Mwisho wake darasa lilikuwa kimya, na yule yule aliyeuliza wimbo utaanza lini akasema: "Hawa ni watu kama wale wa Kapkatet." Sijui kama nimewahi kufurahia jibu la mwanafunzi kuliko hilo.

Kwa walio na damu moto kuna Sounds of Sisso, iliyotolewa mwaka wa 2017 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Ni singeli ya Dar es Salaam, muziki wa mitaa ya watu wa kawaida, wenye mapigo yanayopita 200 kwa dakika. Wanafunzi waliruka mpaka mwalimu wa zamu akaja kuchungulia. Mimi hunichosha baada ya nyimbo tatu, lakini kazi ya kuichambua haikuandikwa kwa magoti yangu. Na anayetaka utulivu atafute En Mana Kuoyo ya Ayub Ogada, ya mwaka wa 1993. Nyatiti yake ni ndugu wa kibugandet, na yeye mwenyewe, aliyefariki mwaka wa 2019, alipiga kwa upole ambao nadhani kila kwaya ya shule ingefaa kujifunza.

Hapo ndipo orodha ilipaswa kukoma. Lakini wanafunzi wana tabia ya kuuliza swali ambalo mwalimu amelikwepa. Waliniuliza: je, kwenu Mwalimu, kuna kanda? Ikanibidi niwaeleze.

Katika miaka ya 1980 ami yangu alikuwa na redio yenye mahali pa kaseti. Jioni moja alimrekodi Kogo, yaani nyanya yetu, akiimba nyimbo za palizi na za kubembeleza watoto. Kaseti ile ilikaa kwenye rafu, haina maandishi yoyote. Nami, nikiwa kijana wa sekondari mwenye kiu ya nyimbo za redioni, nikaichukua na kurekodi juu yake kipindi cha salamu na muziki. Sikujua. Au niseme kweli: sikuuliza. Kipindi kiliisha kabla ya kanda kuisha, na mwishoni mwa upande wa pili zimebaki sekunde chache za Kogo. Haimbi. Anakohoa, kisha anamuuliza ami yangu kama kile kitu bado kinasikiliza.

Ninayo kaseti hiyo hadi leo. Niliwapigia. Hakuna aliyecheka.

Sasa mwalimu mwenzangu ananiambia kwamba ninawapotezea watoto muda, kwamba mtihani hauulizi habari za santuri za Wahindi wa Kericho wala za vijana wanaorekodi upepo. Ni kweli hauulizi. Lakini wanafunzi hawa hawa wana simu, na kila simu leo ni studio kuliko mitambo yote aliyoibeba Tracey mwaka wa 1950. Wakienda likizo wanarekodi harusi, mahubiri, mbwa wakipigana. Wimbo aliouimba Chemutoi Ketienya tunaujua kwa jina lake kwa kuwa kuna mtu aliyeliandika. Wale wenzake waliomwitikia wameandikwa "wasichana wa Kipsigis" tu, nasi hatuwezi kuwatofautisha na upepo wa KMRU. Nikiulizwa ni kipi kinachoifanya albamu ndogo istahili kusikilizwa kabla ya kubwa, kigezo changu cha kwanza ni kama imemtaja mwenye sauti. Ndiyo maana nimeipa alama nyingi kazi ya Ketebul, na ndiyo maana Temporary Stored inanisumbua hata ninapoipenda: uzuri wake umejengwa juu ya watu ambao majina yao siyasikii.

Basi likizo ya Desemba niliwapa kazi. Kila mmoja arekodi wimbo mmoja kwa mtu mzima wa kwao, aandike jina la mwimbaji, mahali, tarehe na wimbo unaimbwa lini. Shule zilipofunguliwa walikuja na rekodi kumi na moja. Nyingine zina kelele za kuku, moja imekatwa na mtu aliyepiga simu, na mbili ni nzuri kiasi cha kunifanya nikae chini. Tumeziweka katika kompyuta ya maktaba, pamoja na daftari la maelezo.

Katika daftari hilo mvulana mmoja wa kutoka upande wa Bomet alikuwa ameandika, mahali pa jina la mwimbaji: "Kogo." Nikamrudishia. Akasema, "Lakini Mwalimu, sisi sote tunamwita hivyo." Nikamwambia aende amuulize. Jumatatu alirudi na karatasi iliyokunjwa mara nne. Ana majina matatu, akaniambia, na mawili kati yake hata mama alikuwa hayajui.