Paundi kumi za nauli: Waingereza waliolowea Australia na sikukuu zao

Ni saa sita mchana, Disemba 25, mjini Perth, katika pwani ya magharibi ya Australia. Jua li utosini, upepo wa bahari haujaingia, na katika jiko la familia iliyohamia kutoka Uingereza tanuri linawaka tangu asubuhi kwa ajili ya bata mzinga. Ukutani zimepangwa kadi za Krismasi zenye picha za theluji na mapaa yaliyofunikwa na barafu. Uani watoto wanarushiana maji kwa mpira wa kumwagilia bustani. Simu imewekwa mezani, lakini hakuna anayeigusa. Kule Uingereza ndiyo kwanza saa kumi alfajiri, giza na baridi, na bibi na babu wa watoto hao bado wamelala. Itabidi kungojwa hadi jioni ndipo watu wapeane heri ya sikukuu. Wakati huo upande mmoja utakuwa umekwisha kuosha vyombo, na upande wa pili ndio kwanza unamenya viazi.

Umbali baina ya nchi mbili hizi hauonekani sana siku za kazi. Mtu huamka, hupeleka watoto shule, huenda kazini, hulipa pango la nyumba, na katika yote hayo huzungumza lugha aliyozaliwa nayo. Inapofika sikukuu ndipo hutambua alipo. Ndiyo maana inafaa kuwatazama Waingereza wa Australia, kwani kwa hesabu ya kawaida hawa ni wahamiaji ambao hawakupaswa kupata taabu. Walikuta lugha yao, sheria zinazofanana na zao, mfalme yule yule na hata michezo ile ile. Ikiwa wao nao wamelipa gharama ya kuhama, basi ni nani atakayesalimika nayo?

Meli, mabweni na aerogramu

Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya Australia iliingiwa na hofu ya uchache wa watu wake. Nchi iliyo bara zima ilikuwa na watu wapatao milioni 7 tu, na mwaka 1942 mabomu ya Wajapani yalikuwa yameuangukia mji wa Darwin. Mwaka 1945 ikaundwa wizara ya uhamiaji, Arthur Calwell akawa waziri wake wa kwanza, na haukupita muda ukaanza mpango wa kuwaleta Waingereza kwa nauli ya ruzuku. Mtu mzima alilipa paundi 10, mtoto hakulipa kitu. Kilichosalia, zaidi ya paundi 100 kwa kila abiria mtu mzima, kilibebwa na serikali. Sharti kubwa lilikuwa kukaa miaka 2. Aliyeondoka kabla ya hapo alitakiwa kurejesha gharama za safari yake. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, zaidi ya Waingereza milioni 1 walikuwa wamekwisha kuhamia Australia, wengi wao kwa mpango huo.

Waliondoka katika Uingereza iliyochoka. Nyumba nyingi zilikuwa zimebomolewa vitani, na chakula kiliendelea kugawiwa kwa kadi hadi mwaka 1954. Wapo waliotafuta kazi, wapo waliotafuta nyumba yenye uwanja, na wapo waliotafuta afya ya watoto. Wazazi wa Julia Gillard, aliyezaliwa katika mji wa Barry huko Wales, walishauriwa kuhamia penye joto kwa sababu ya mapafu ya binti yao. Wakafika Adelaide mwaka 1966 naye akiwa mtoto mdogo. Binti huyo ndiye aliyekuja kuwa waziri mkuu wa Australia kuanzia mwaka 2010 hadi 2013.

Hata hivyo, mlango huo haukuwa wazi kwa kila mtu. Sera ya nchi, iliyoanza kwa sheria ya mwaka 1901, ilikuwa ya kuwapokea weupe na kuwazuia wengine, na mabaki yake hayakufutwa hadi mwaka 1973. Na nchi yenyewe ilikuwa na wenyewe, Waaborijini, walioishi humo kwa makumi ya maelfu ya miaka. Ni haki kulitaja hilo kabla ya kusikiliza huzuni ya mtu aliyepokewa kwa mikono miwili.

Safari ya meli ilichukua wiki 5 au 6, kupitia Port Said, Mfereji wa Suez, Aden na Colombo, hadi kutia nanga Fremantle. Wengi wasiokuwa na wenyeji walipelekwa katika mabweni ya serikali, na baadhi ya mabweni hayo yalikuwa vibanda vya mabati vilivyopindwa mfano wa nusu ya pipa. Mchana vilichemka, usiku vilipoa, na bwalo la chakula na bafu vilikuwa vya wote. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wanaume walipewa la kwao upesi, viwandani na katika ujenzi, kama katika mji wa Elizabeth, karibu na Adelaide, uliozinduliwa mwaka 1955 na kujaa Waingereza. Wanawake wengi walibaki bwenini na watoto, mbali na mama na dada zao, wakiandika aerogramu. Simu ya kuvuka bahari ilikuwa ghali na haikupigwa ila kwa jambo zito. Ikilia usiku, moyo ulishtuka kabla mkono haujainua.

Si wote waliostahimili. Watafiti hukadiria kuwa karibu robo ya waliokuja kwa mpango huo walirudi Uingereza. Kisha takriban nusu ya hao waliorudi, walipoionja tena mvua na baridi ya kwao, walifunga mizigo upya na kuelekea Australia kwa mara ya pili. Wakapewa jina la bumerangi, ile silaha ya Waaborijini ambayo ikirushwa humrudia mrushaji.

Kisa cha sahani tupu

Kuna kisa kinachosimuliwa sana miongoni mwa wahamiaji. Mgeni anaalikwa kwa jirani na kuambiwa aje na sahani. Katika Kiingereza cha Australia maana yake ni kwamba kila nyumba ije na chakula ilichopika, ili watu wakichangie pamoja. Mgeni, akidhani kuwa wenyeji wamepungukiwa na vyombo, anabisha hodi akiwa na sahani tupu mkononi. Watu wanacheka, naye anacheka pamoja nao. Lakini akirudi nyumbani anakuwa amejifunza kwamba lugha moja si desturi moja.

Maisha ya kila siku yamejaa mafunzo ya aina hiyo. Jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini, hivyo atafutaye nyumba yenye mwanga hutafuta inayoelekea kaskazini, kinyume cha alivyozoea kwao. Shule nyingi hazimruhusu mtoto kucheza juani bila kofia. Ufukweni watu huogelea baina ya bendera nyekundu na njano zilizochomekwa na waokoaji, maana mkondo wa bahari haumjui mwenyeji wala mgeni. Na ngozi iliyozaliwa chini ya mawingu hulipa deni la jua. Australia ni miongoni mwa nchi zenye saratani ya ngozi kwa wingi kabisa duniani, na tangu mwaka 1981 kampeni ya afya imekuwa ikiwakumbusha watu kuvaa shati, kupaka mafuta ya kinga na kuvaa kofia.

Liko pia jina la utani, Pom, ambalo wenyeji humwita Mwingereza, mara kwa mzaha wa kirafiki, mara kwa kejeli. Hushtakiwa kwa kosa moja hasa, kulalamika na kulinganisha. Basi mgeni mwerevu hujifunza mapema kutoanza kila sentensi kwa maneno “kwetu sisi”.

Sikukuu zilizogeuzwa majira

Msomaji aliyezoea Idi inayozunguka majira yote kwa kufuata mwezi mwandamo huenda asione ajabu ya Krismasi kuangukia wakati wa joto. Kwa Mwingereza, hata hivyo, sikukuu hiyo imefumwa pamoja na majira ya baridi: moto wa kuni, usiku unaoingia mapema, chakula kizito cha kuupa mwili joto. Australia huiweka katikati ya kiangazi. Mwaka wa masomo ndio umekwisha, shule zimefungwa hadi mwishoni mwa Januari, na mafundi wengi wa ujenzi wamefunga kazi. Wenyeji huila kwa kamba baridi, nyama choma, na keki ya ute wa yai iliyopambwa kwa malai na matunda, iitwayo pavlova. Kesho yake, Disemba 26, watu huketi kutazama kriketi ya Melbourne, au mashua za tanga zinazong’oa nanga Sydney kwenda Hobart, mashindano yaliyoanza mwaka 1945.

Mhamiaji hufanya nini mbele ya hayo? Miaka ya kwanza wengi hushikilia bata mzinga na mchuzi wa moto hata kama jasho litawatiririka. Miaka ikipita, bata hupungua na kamba huongezeka. Wasioweza kuiacha kabisa baridi yao huingoja Julai. Katika Blue Mountains, magharibi ya Sydney, mahoteli huwasha moto wa kuni na kuandaa chakula cha Krismasi katikati ya mwaka, wakati ambapo baridi ni ya kweli. Pasaka nayo, ambayo kwa asili ya Ulaya huja na maua na vifaranga, hapa hufika majani yakipukutika.

Hata siku ya taifa ina mikunjo yake. Januari 26 huadhimisha kufika kwa meli za Waingereza mwaka 1788, na wahamiaji wengi huapishwa uraia siku hiyo. Kwa Waaborijini wengi, hiyo ni siku ya msiba, na walitangaza maombolezo yao hadharani tangu mwaka 1938. Mwingereza anayeapa siku hiyo hujikuta amesimama mahali pagumu kati ya sherehe na matanga.

Mzazi si jamaa wa karibu?

Leo safari ya wiki 6 imekuwa ya saa zipatazo 17. Tangu mwaka 2018 ndege huruka kutoka Perth hadi London bila kutua njiani. Sensa ya mwaka 2021 ilihesabu zaidi ya watu laki 9 wanaoishi Australia waliozaliwa England, kundi kubwa kuliko lolote la waliozaliwa nje. Simu ya picha ni bure. Mtu angedhani kuwa umbali umekwisha. Haujaisha, na wanaolijua hilo zaidi ni wazazi.

Machi 2020, kwa sababu ya maradhi ya korona, Australia ilifunga mipaka yake. Raia hawakuruhusiwa kutoka ila kwa kibali maalumu, na mgeni hakuruhusiwa kuingia isipokuwa awe miongoni mwa wachache waliosamehewa, wakiwemo jamaa wa karibu wa raia. Katika orodha hiyo ya jamaa wa karibu, mume alikuwemo, mke alikuwemo, watoto wanaolelewa walikuwemo. Mama na baba wa mtu mzima hawakuwemo. Hawakuongezwa hadi Novemba 1, 2021. Wapo waliozaa bila mama zao kuwa karibu, na wapo waliozika wazazi wao kwa kutazama kioo cha simu.

Korona ilipita, lakini sheria za siku za kawaida zimebaki. Mzazi anayetaka kuwafuata wanawe kwa ukaazi wa kudumu ana njia mbili. Njia ya bei nafuu ina foleni inayokadiriwa kwa miongo ya miaka, muda ambao mzee wa miaka 70 hana. Njia ya pili hugharimu zaidi ya dola 40,000 za Australia kwa kila mzazi, nayo pia ina foleni ya miaka. Juu ya hayo kuna hesabu ya watoto. Mama mwenye watoto 3, mmoja Sydney na wawili Uingereza, hakidhi sharti, kwa kuwa wengi wa wanawe hawako Australia.

Na akifanikiwa kuhamia, pensheni yake huganda. Mstaafu anayelipwa na serikali ya Uingereza akilowea Australia haongezewi pensheni kila mwaka kama mwenzake aliyebaki nyumbani, au hata aliyehamia Marekani. Aliyeanza kulipwa humo miaka 20 iliyopita hupokea leo kiwango kile kile, wakati bei ya mkate haikumngoja. Kwa kuipinga sera hiyo, Australia ilivunja mwaka 2001 mkataba wa hifadhi ya jamii baina ya nchi mbili hizo. Sera haikubadilika.

Familia zenye busara hujipangia mapema. Wengi hutembelea kwao wakati nauli imeshuka, wala hawangoji Disemba ambapo tiketi ni ghali. Huweka saa maalumu ya simu kila wiki, ili mzee asiwe mtu wa kukumbukwa sikukuu tu. Na huzungumza mapema, wote wakiwa hai na wenye akili timamu, juu ya nani atamuuguza mama, nani atasafiri, na nauli itatoka wapi. Mazungumzo hayo ni mazito, lakini ni mepesi kuliko kuyafanya hospitalini kwa simu. Msomaji ambaye mwanawe yuko Muscat, London au Toronto hahitaji kufafanuliwa hilo.

Saa kumi na mbili jioni ikifika mjini Perth, hatimaye simu hupigwa. Babu huuliza kuna joto gani, mjukuu huuliza kuna theluji. Kisha kila mmoja huonyesha sahani yake mbele ya kamera, na bibi husema kwamba mwaka huu amepika kidogo, maana wako wawili tu.