Sauti Ngeni Katika Gari Lililotoka Gereji

Mara nyingi gari huingia gereji kwa ubovu mmoja, na ubovu huo huondolewa. Lakini njiani dereva husikia sauti ambayo hakuijua zamani. Hapo watu hugawanyika. Wengine hukasirika na kusema kwamba fundi ameharibu gari. Wengine huongeza sauti ya redio na kuendelea na safari. Wote hao wamekosea njia, maana sauti ni shahidi, na shahidi sharti aulizwe kabla ya hukumu kutolewa.

Tuchukue mfano wa lori lililofungwa breki mpya Kampala, kisha likateremka Port Bell kuchukua mzigo bandarini. Safari ni fupi, yapata kilomita 10. Karibu na Luzira dereva anasikia kitu kinagonga. Afanye nini?

Kwanza, asimame mahali salama atazame nati za magurudumu. Jambo hili hutangulia mengine yote, kwa kuwa ndilo linaloweza kuua watu upesi. Ili kufunga breki mpya hapana budi gurudumu litolewe. Likirudishwa huku pana kutu, rangi au udongo baina yake na kitovu, nati hukazwa juu ya uchafu. Uchafu ukisagika kwa mwendo, nati hulegea. Dalili zake ni mlio wa kugonga gari liendapo polepole, na pengine usukani kutikisika. Gurudumu la lori kubwa lina uzito kupita mtu mzima, na likichomoka halichagui wa kumgonga kando ya barabara. Nati hukazwa kwa kuvuka, moja ya upande huu kisha moja ya upande wa pili, kwa kipimo cha watengenezaji wa gari. Nazo hukaguliwa tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Pili, nati zikiwa imara, yafaa kujua kama sauti yafuata injini au magurudumu. Gari likiwa limesimama bila gia, ongezeni mwendo wa injini. Sauti ikisikika, tafuteni katika injini, feni au bomba la moshi. Isiposikika, endesheni gari kwa mwendo mmoja, kwanza kwa gia ya tatu, halafu ya nne. Sauti isipobadilika, basi yafuata magurudumu. Wako wanaopima jambo hili kwa kutoa gia mteremkoni. Hiyo ni hatari, maana injini haisaidii tena kulizuia gari.

Hapa hesabu ya darasani hufaa. Gurudumu la motokaa ndogo lina mzunguko wa meta 2 hivi. Kwa mwendo wa kilomita 36 kwa saa, gari huenda meta 10 kila sekunde. Kwa hiyo gurudumu huzunguka mara 5. Injini inayozunguka mara 2,400 kwa dakika huzunguka mara 40 katika sekunde hiyo hiyo. Basi mlio wa ko, ko, ko ambao sikio laweza kuuhesabu, yaelekea ni wa gurudumu.

Tatu, ulizeni ni kitu gani kilichoguswa na fundi. Mkwaruzo mwepesi wa bati usiokoma, baada ya kazi ya breki, mara nyingi hutoka katika kibati cha kuzuia vumbi kilicho nyuma ya diski. Kimepinda kidogo, nacho hunyoshwa kwa dakika chache. Sauti ikibadilika mnapokanyaga breki kidogo, tazameni breki zenyewe. Lakini mvumo ukizidi gari likikata kushoto na kupungua likikata kulia, shukuni beringi ya upande wa kulia, kwa sababu gari likikata kushoto uzito huegemea kulia. Beringi hiyo huenda ilikuwa mbovu tangu zamani, ila kelele za breki kuukuu ziliificha. Fundi aliyenyamazisha breki ameifichua tu, naye halaumiwi kwa haki.

Ustadi huu si mgeni. Mnunuzi wa chungu sokoni hukigonga kwa kidole kabla ya kutoa fedha. Port Bell yenyewe, iliyopewa jina la Sir Hesketh Bell, gavana wa Uganda wa zamani, ina reli inayofika gatini, na mabehewa yamekuwa yakivushwa ziwa kwa meli. Mwaka 2018 MV Umoja ilirudia safari hizo kutoka Mwanza. Katika reli za nchi nyingi, tangu karne ya 19, walikuwako watu ambao kazi yao ilikuwa kugonga magurudumu ya mabehewa kwa nyundo. Gurudumu zima hulia kama kengele. Lenye ufa hutoa sauti iliyokufa, kama chungu kibovu.

Basi ninyi mliokwisha kutoka shuleni na ambao sasa mna magari, mrudipo kwa fundi msimwambie, "Umeliharibu." Mwambieni sauti ilianza lini, kwa mwendo gani, na kama hubadilika kwa breki au kwa kukata kona, kisha mwombeni apande asikilize mwenyewe. Ila nati zikionekana zimelegea, msiendeshe gari hata kidogo kumfuata. Mwiteni aje pale lilipo.