Makro haifunguki ndani ya nukuu: dawa yake



Juzi nimekesha na programu ndogo ya C inayosoma majina kutoka kwenye faili. Naona bora niwaandikie wenzangu mnaohangaika na lugha hii, msije mkapoteza usingizi kama mimi. Nilikuwa na hivi:

#define UREFU 20
char jina[UREFU + 1];
sscanf(mstari, "%40s", jina);

Mwanzo UREFU ulikuwa 40. Nikaupunguza, nikaisahau ile 40 iliyomo ndani ya nukuu. Basi jina refu likawa linamwagika nje ya nafasi yake na kuharibu kumbukumbu ya jirani. Hapo programu huanguka, au mbaya zaidi, haianguki ila inatoa majibu ya uongo.

Utasema, si uandike "%UREFUs" tu? Haifai. Priprosesa kwanza huukata msimbo vipande vipande, na yote yaliyo ndani ya nukuu ni kipande kimoja. Makro hufunguliwa baadaye, na kipande hicho hakiguswi. Zamani baadhi ya kompaila zilikuwa zinabadilisha vigezo vya makro hata ndani ya nukuu, lakini kiwango cha ANSI cha 1989 kilikataa, kikaleta alama ya # badala yake.

Alama hiyo hukitia kigezo cha makro ndani ya nukuu. Ila ina ukaidi: hukichukua kama kilivyoandikwa, bila kukifungua. Ukitumia makro moja tu utapata "UREFU", si "20". Ndiyo maana zinatakiwa mbili:

#define NUKUU1(x) #x
#define NUKUU(x) NUKUU1(x)

sscanf(mstari, "%" NUKUU(UREFU) "s", jina);

NUKUU inaifungua UREFU inakuwa 20, ndipo inaikabidhi kwa NUKUU1 itiwe nukuu. Na nukuu zinazofuatana, kompaila huziunga yenyewe. Kwa hiyo inabaki "%20s".

Tahadhari moja jamani: UREFU iwe tarakimu tupu. Ukiandika (20) au 21-1 itaingia hivyo hivyo, maana hapa priprosesa haipigi hesabu, na "%(20)s" sscanf haiielewi.

Sasa namba inaandikwa mahali pamoja tu, ukiibadilisha hapo imebadilika kote. Mwenye njia bora zaidi asisite kutuelimisha.