Ndai ya Guka Inaozea Shambani? Usiite Msee wa Skrapu Kabla Usome Hii

Wasee wa Nax, leo tuongee ukweli. Ukizunguka Njoro, Subukia, Solai hadi Molo, hukosi boma lenye gari la kitambo limelala nyuma ya stoo. Matairi yaliisha zamani, kuku wanataga kwa kiti cha dereva, na familia nzima inaliita "ile takataka ya guka". Halafu siku moja karo inakwama, msee wa skrapu anapita na mkokoteni, anapima kwa macho na kutaja bei ya kilo. Mnakubali. Kwisha.

Noma ni kwamba kati ya hizo takataka huwa kuna magari ya spoti ya Uingereza: MG, Triumph, Austin-Healey, na ukiwa na bahati ya mtende, Jaguar. Yaliingia nchini enzi za mkoloni na miaka ya kwanza ya uhuru. Masetla wengi wa Bonde la Ufa walipouza mashamba na kwenda zao, kuna magari yaliyobaki nyuma.

Ili ujue tunaongelea nini, cheki hii. Agosti 2017 kule California, kampuni ya mnada ya RM Sotheby's iliuza Aston Martin DBR1 kwa dola milioni 22.55. Kwa dola ya wakati huo, hiyo ni zaidi ya shilingi bilioni 2 za Kenya. Mwaka mmoja kabla, Jaguar D-Type iliyoshinda mbio za Le Mans 1956 ilienda kwa dola milioni 21.78.

Sasa tulia, usianze kuitisha ploti Milimani. Ya guka si hiyo. MGB, kwa mfano, zilitengenezwa zaidi ya 500,000 kati ya 1962 na 1980, kwa hivyo si adimu na haitakufanya bilionea. Lakini kanuni zinazopandisha bei ya Jaguar ya Le Mans ndizo hizo hizo zinazoamua kama yako ni gari ama ni chuma tu.

Mnunuzi analipia nini hasa?

Wengi hudhani ni rangi inayong'aa. Hapana. Rangi hata fundi wa jua kali anakupigia kwa wiki moja. Pesa iko kwa vitu vinne.

Cha kwanza ni uhalisi. Namba ya chasisi na ya injini zinafaa kuwa zile zilizotoka kiwandani. Hapa ndipo sisi Wakenya huchoma picha. Spea za Muingereza zikikosekana, fundi anaingiza injini ya Toyota na gari linaondoka vizuri kabisa. Barabarani umeshinda, lakini kwa mnada bei imeanguka. Kama lazima ubadilishe, ile injini ya zamani iweke stoo hata kama imeshika. Usiiuze.

Cha pili ni makaratasi. Logbook ya zamani, risiti za gereji, barua, hata picha ya guka ameegemea boneti siku ya harusi. Kila karatasi inathibitisha gari limetoka wapi na limepita kwa nani.

Cha tatu ni stori. Hapa sisi tuko mbele, kwa sababu tuko na Safari Rally. Ilianza 1953 kwa jina la Coronation Safari, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth. Ford Escort ilishinda 1972 ikiwa na Hannu Mikkola, ikashinda tena 1977 na Björn Waldegård. Huyo Waldegård alirudi 2007, miaka 30 baadaye, akashinda East African Safari Classic akiwa kwa Escort tena. Gari likiwa na ushahidi kwamba lilikimbia Safari, yaani bamba la mashindano, picha au jina kwa orodha ya washiriki, bei inaruka. Lakini ushahidi uwepo. "Nilisikia shosho akisema" haitoshi.

Cha nne ni bodi. MGB haina fremu tofauti chini. Bodi yenyewe ndiyo inabeba gari. Kingo za chini ya milango zikioza, gari limevunjika mgongo. Fundi mjanja anaziba kutu na fila, anapaka rangi, wewe unaona mali safi. Beba sumaku ndogo. Ikikataa kushika, hapo chini si chuma.

Sasa ufanye nini?

Kabla ya kuosha au kubandua chochote, piga picha kila kona. Fungua boneti utafute bamba la namba ya chasisi. Ukiipata, jumba la British Motor Museum kule Gaydon, Uingereza, lina rekodi za viwanda vya MG, Triumph na Austin-Healey. Unalipa ada, wanakupa cheti cha gari lilivyotoka: rangi ya kwanza, namba ya injini na soko lilikopelekwa. Jaguar nazo zina hifadhi yao, Jaguar Daimler Heritage Trust.

Pili, nyoosha mambo ya umiliki. Kama logbook iko kwa jina la guka na alishatuacha, huwezi kuuza kihalali bila hati za mirathi kutoka mahakamani. Wengi husahau hii, halafu gari likishapata bei, mabinamu wa Eldoret na Nairobi wanatokea wote siku moja. Kaeni kikao mapema, bei ikiwa bado chini.

Tatu, usikimbilie kulirembesha. Ukarabati mzuri unaweza kula doo kuliko gari lenyewe, na ukarabati mbaya unafuta ule uhalisi wote. Peleka kwanza kwa mtu anayejua. Mashabiki wa magari ya zamani hukutana kila mwaka kwa Concours d'Elegance pale Ngong Racecourse, Nairobi. Nenda, tembea, uliza maswali.

Ukifika mnadani, weka bei ya chini ambayo gari halitauzwa ikiwa haijafikiwa. Uliza kampuni itakata asilimia ngapi. Na kama wewe ndiye unanunua, kumbuka minada mikubwa ya nje huongeza asilimia 10 au zaidi juu ya bei ya nyundo, na gari linauzwa jinsi lilivyo. Usisahau pia kwamba gari la zaidi ya miaka 8 kwa kawaida haliruhusiwi kuingia Kenya. Ndiyo maana haya machache yaliyobaki hapa, yakiisha, kuleta mengine si rahisi.

Kwa hivyo wikendi hii ukienda ushago, toa kuku kwa kiti, pangusa vumbi, soma ile namba. Huenda ikawa ni chuma tu kweli. Msee wa skrapu hatakosa kupita tena wiki ijayo, ila gari likishakatwa halirudi.