Kutoka Idjwi hadi chumvi ya jikoni: kazi ya Profesa Delange

Miaka ya 1960, daktari kijana kutoka Ubelgiji, François Delange, alifika kisiwani Idjwi, katika ziwa Kivu, kupima shingo za watu. Kazi ilitegemea kituo cha utafiti cha IRSAC, kule Lwiro, Kabare. Kaskazini mwa kisiwa, kama nusu ya wakaaji walikuwa na rovu, ule uvimbe wa mbele ya shingo. Kusini-magharibi, wachache tu.

Waganga walijua tayari kwamba rovu huletwa na upungufu wa iodini. Lakini Delange na wenzake, akina Thilly na Ermans, walikuta pande zote mbili zina upungufu uleule. Mwaka 1968 waliandika kwamba kukosa iodini hufungua tu mlango. Lazima kuwe na kitu kingine kinachoingia. Wakakitafuta ndani ya chakula, na muhogo ukashukiwa.

Muhogo mchungu usiolowekwa vizuri hubaki na sianidi. Mwili huigeuza kuwa thiosianati, nayo huzuia tezi ya shingo kuchukua iodini kidogo iliyopo. Kwa sisi tunaokula bugali wa muhogo, habari hiyo inatisha. Ila ina upande wake mzuri: iodini ikitosha, muhogo uliotayarishwa vizuri hauleti rovu. Hakukuwa na haja ya kuwanyang'anya watu chakula chao.

Na rovu si jambo la sura tu. Mama mja mzito akikosa sana iodini, ubongo wa mtoto huumia akiwa bado tumboni, na hakuna dawa ya kuurudisha. Delange, daktari wa watoto, aliwaona watoto hao Idjwi. Mwaka 1972 yeye na wenzake waliandika juu yao. Pengine ndiyo sababu hakuishia maabara.

Miaka ya 1990 aliongoza uchunguzi wa ThyroMobil, gari lenye mashine ya ekografi lililopita katika shule za nchi 12 za Ulaya. Hata huko upungufu ulikutwa. Kisha akaongoza ICCIDD, baraza la kimataifa lililozisukuma serikali kutia iodini katika chumvi yote. Alifariki mwaka 2007.

OMS inashauri mikrogramu 150 za iodini kwa siku kwa mtu mzima, na 250 kwa mama mja mzito. Chumvi inayokaa wazi juani sokoni hupoteza iodini yake. Nyumbani iwekwe ndani ya kopo lenye kifuniko, na kwenye sombe itiwe mwishoni, sufuria ikikaribia kuipuliwa.