Asidi Amino 'Iliyokingwa': Ni Kinga ya Nani?

Wanakemia huizungumzia asidi amino 'iliyokingwa'. Msomaji wa Kiswahili, aliyezoea kinga ya maradhi, huenda akadhani kuwa kitu hicho hakidhuru. La hasha! Kinachokingwa ni ncha moja ya molekuli, yaani kundi la amino lenye nitrojeni, lisije likaungana na jingine kabla ya wakati wake. Kwa maoni yetu, istilahi 'iliyozibwa' ingefaa zaidi, kwani kinachozibwa huweza kuzibuliwa.

Mfano mzuri ni glisini iliyozibwa kwa kundi liitwalo Boc. Huwa unga mweupe. Boc hustahimili besi, lakini hubanduka mbele ya asidi kali kama vile asidi ya trifluoroasetiki. Ncha ikishazibuliwa, asidi amino nyingine huunganishwa hapo, na mnyororo wa peptidi hurefuka pingili kwa pingili. Ufundi wa kuujenga mnyororo huo juu ya chembe ngumu ndio uliompa Mmarekani Bruce Merrifield Tuzo ya Nobel mwaka wa 1984. Leo hii hutumika kuundia dawa.

Unga wenyewe uhifadhiwe pakavu, wala vumbi lake lisivutwe puani. Hatari kubwa imo katika kuzibua. Asidi ile huunguza ngozi vibaya, nayo Boc ikibanduka hutoa gesi: kaboni dioksidi, pamoja na isobutilini ishikayo moto. Chombo kilichofungwa kabisa chaweza kupasuka. Kwa hiyo kazi hii hufanyiwa ndani ya kabati lenye feni ya kufyonza hewa, kwa glavu na miwani.